Mbuzi Anapoharisha: Maji Kwanza, Sindano Baadaye

Mfugaji anapoingia katika duka la agroveti na kusema mbuzi wake anaharisha, mara nyingi hutoka na chupa ya dawa ya sindano. Pengine ni dawa ile ile aliyonunua mwaka jana, au ile iliyosifiwa na jirani. Mbuzi hudungwa jioni, na kufikia asubuhi ama amepata nafuu ama amekufa. Akipata nafuu, dawa husifiwa. Akifa, watu husema ugonjwa ulikuwa mkali. Katika hali zote mbili, hakuna aliyejua mnyama alikuwa akiugua nini.

Makala haya yanawalenga wakazi wa wadi ya Dabaso na majirani zetu wa Watamu, Gede na Matsangoni wanaofuga mbuzi, wawe wawili nyuma ya nyumba au hamsini kwenye zizi. Masika yanapoanza kunyesha, zizi hugeuka tope, majani mapya huchipuka, na watoto wa mbuzi huanza kuharisha. Ndio wakati ambao makosa ya matibabu hugharimu zaidi.

Kuharisha si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili, na nyuma yake mna visababishi vingi: bakteria, virusi, vijidudu vidogo vya utumbo, minyoo, au chakula tu. Dawa za antibiotiki huua bakteria. Haziui virusi, hazitoi minyoo, na hazimsaidii mbuzi aliyevimbiwa na mahindi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa, uliza umri.

Umri wa mbuzi unakwambia nini

Mtoto wa mbuzi anayeharisha katika wiki ya kwanza ya maisha yake, kinyesi kikiwa cha majimaji ya rangi ya manjano au nyeupe, huenda ameshikwa na bakteria waitwao E. coli. Bakteria hawa wako kila mahali penye kinyesi: kwenye sakafu ya banda, kwenye chuchu za mama zilizochafuka, kwenye ndoo ya maji. Wengi wao hawana madhara. Baadhi hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanyonya. Kwa mnyama mwenye uzito wa kilo tatu, hiyo ni hatari ya saa chache.

Salmonela humshika mbuzi wa umri wowote. Mara nyingi huja na homa, kinyesi chenye harufu kali na wakati mwingine damu au utando wa kamasi, na hupenda kuzuka pale wanyama wamesongamana au wamechoshwa na safari.

Kuanzia wiki ya tatu hivi hadi miezi mitano, hasa wakati wa kuachishwa kunyonya, mshukiwa mkuu ni koksidia. Wafugaji wa kuku wanakijua kijidudu hiki, ingawa kile cha kuku hakimwambukizi mbuzi. Kila mnyama ana wake. Koksidia si bakteria. Mtoto wa mbuzi hujikamua, mkia na makalio huchafuka, na kinyesi huweza kuwa na damu. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za salfa au amproliamu, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Sindano ya kawaida ya tetrasaiklini haiutibu.

Kwa mbuzi wakubwa, minyoo hulaumiwa sana, na mara nyingi kwa haki. Lakini kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa: mnyoo anayeua mbuzi wengi zaidi katika maeneo ya joto kama Pwani, yule anayenyonya damu tumboni, kwa kawaida haleti kuharisha. Mbuzi huwa na kinyesi cha punje kama kawaida huku akiishiwa na damu. Mfunue ukope wa chini wa jicho. Ukiwa mwekundu au wa waridi, damu ipo. Ukiwa mweupe kama karatasi, na pengine uvimbe laini umening'inia chini ya taya, mnyoo huyo anafanya kazi yake hata kama mkia ni mkavu. Kusubiri mbuzi aharishe ndipo umpe dawa ya minyoo ni kusubiri kupita kiasi.

Mbuzi anayenona ndiye anayekufa

Kuna ugonjwa mmoja wa bakteria unaostahili maelezo marefu, kwa sababu huacha maswali mengi nyuma yake.

Ndani ya utumbo wa mbuzi mwenye afya huishi bakteria wa jamii ya klostridia, wachache, bila kumdhuru. Siku ambayo mbuzi anakula wanga mwingi kwa ghafla, mambo hubadilika. Labda amevunja kamba na kuingia ghalani kwenye mahindi. Labda mwenyewe amemwagiwa debe la pumba kutoka mashine ya posho ili anenepe kabla ya Idd au Krismasi. Labda ni mtoto wa mbuzi anayenyonya mama mwenye maziwa mengi mno. Chakula hicho hufika utumboni kabla hakijamalizika kusagwa, bakteria hupata karamu, huongezeka kwa saa chache na kumwaga sumu. Sumu hupenya kuta za utumbo, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo.

Mbuzi huweza kuharisha maji yenye utando na damu, akalia kwa maumivu, akaanguka na kupiga miguu hewani. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote: jioni alikuwa anacheza, alfajiri anakutwa amelala ubavu. Na mara nyingi anayekufa ni yule mzuri kuliko wote, aliyenona, kwa sababu ndiye anayekula kwa pupa na kusukuma wenzake.

Hapa ndipo maneno huanza. Mbuzi aliyesifiwa jana na mgeni akifa leo bila ugonjwa, ni rahisi mtu kusema ni kijicho, na kutoka kwenye kijicho hadi kumtaja jirani au mzee fulani si mbali. Katika kaunti yetu tumeshuhudia wazee wakidhulumiwa, na wengine kuuawa, kwa tuhuma za aina hii. Kabla ya kumfikiria mtu, fikiria alichokula mbuzi katika siku mbili zilizopita. Na daktari wa mifugo akiupasua mzoga ungali mbichi, anaweza kuona ndani ya utumbo na figo alama zinazoelekeza kwenye ugonjwa huu, na kuchukua sampuli za maabara.

Tiba yake ni ngumu kwa kuwa sumu imeshaingia mwilini. Kinga ni rahisi zaidi. Chanjo ipo, na mbuzi anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizoachana kwa wiki tatu hadi sita kulingana na maagizo ya chupa. Baadaye hurudiwa, na kwa mbuzi kinga hiyo hufifia upesi kuliko kwa kondoo, kwa hiyo madaktari wengi hupendekeza irudiwe kila baada ya miezi sita. Hata bila chanjo, kuongeza pumba au mahindi kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na kuwapa majani makavu kwanza asubuhi kabla ya kuwafungulia kwenye majani mabichi ya masika, hupunguza vifo.

Kinachoua ni kukauka

Kwa mtoto wa mbuzi anayeharisha, kifo huja kwa sababu maji na chumvi vimemtoka mwilini, hata pale ambapo bakteria wenyewe wangeshindwa na mwili baada ya siku tatu au nne. Anahitaji kuvushwa siku hizo.

Ujuzi huu ulipatikana kwa binadamu kwanza. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokumbwa na kipindupindu katika kambi ya Bangaon nchini India, maji ya kutundika kwenye mshipa yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, na ndugu zao ndio waliofanya kazi hiyo. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Siri iko kwenye ukuta wa utumbo: sukari inapopita, huivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Maji matupu hayavutwi hivyo. Utumbo wa mbuzi unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi yawe vuguvugu. Tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, ukoroge hadi viyeyuke. Usizidishe chumvi, chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Pakiti za ORS kama zile za zahanati zinafaa pia, na kwa kweli ni bora zaidi kwa kuwa zimepimwa. Mtoto wa mbuzi wa kilo tatu anahitaji kiasi cha mililita 300 kwa siku, zaidi ya maziwa anayonyonya, kwa hiyo mpe mililita 50 kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia. Tumia chupa yenye chuchu, au bomba la sindano lisilo na sindano, ukimwaga polepole pembeni mwa mdomo huku kichwa kikiwa usawa wa kawaida. Ukikiinua juu, maji yatakwenda mapafuni. Aliyelegea hadi hawezi kumeza asinyweshwe kabisa. Huyo anahitaji maji ya mshipani na mikono ya daktari, haraka.

Watu huuliza kuhusu madafu. Dafu ni safi na lina sukari na potasiamu kwa wingi, lakini lina sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi. Ukiwa huna kitu kingine, mpe ukiwa njiani kutafuta chumvi. Usilifanye kuwa ndiyo tiba.

Utajuaje amekauka? Finya ngozi ya shingo kisha uiachie. Ikirudi mara moja, bado ana maji. Ikibaki imesimama kwa sekunde mbili au zaidi, amepungukiwa. Macho yaliyoingia ndani, mdomo baridi na kukataa kunyonya ni dalili kwamba hali ni mbaya.

Usimwachishe kunyonya. Desturi ya kumfunga mama mbali ili tumbo la mtoto lipumzike humwongezea njaa juu ya kiu.

Antibiotiki: lini, na kwa nini si kila mara

Hatusemi sindano zitupwe. Mtoto wa mbuzi mwenye homa ya zaidi ya nyuzi 40 akiwa kivulini, aliyelegea, mwenye damu kwenye kinyesi, anaweza kuwa na bakteria waliokwisha kuingia kwenye damu, na antibiotiki iliyochaguliwa vizuri humwokoa. Neno zito hapo ni kuchaguliwa. Dawa inayomfaa mmoja huenda isimguse bakteria wa mwingine, na mbuzi aliyepewa nusu ya dozi kwa siku moja, kwa kuwa chupa iliisha, amewafundisha bakteria namna ya kuizoea.

Bakteria waliozoea dawa hawabaki zizini. Salmonela na aina kadhaa za E. coli huhama kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu kupitia mikono, maziwa mabichi na maji. Huku kwetu, ambako chini ya udongo mwembamba kuna mawe ya matumbawe yenye matundu na visima si virefu, kinyesi kilicholundikwa karibu na kisima hupata njia ya kuingia majini bila taabu. Mtoto wa miaka miwili akishikwa na kuharisha kunakotokana na bakteria asiyesikia dawa, daktari wa hospitali hubaki na dawa chache, na za bei ghali. Kwa sababu hii Kenya ilitoa mwaka 2017 mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa unaohusisha sekta ya afya na ya mifugo kwa pamoja.

Kuna pia desturi ya kumpa mbuzi mkubwa vidonge vya binadamu vilivyosagwa. Mbuzi hutegemea mamilioni ya bakteria wema walio kwenye tumbo lake kubwa kusaga majani. Antibiotiki ya kumeza huwaua hao kwanza. Anaacha kula, na mfugaji hudhani ugonjwa umezidi.

Baada ya sindano, maziwa na nyama vina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo. Kwa maziwa huwa ni siku kadhaa, na kwa nyama baadhi ya dawa hufikia wiki tatu au nne. Tunajua ni vigumu: mbuzi akionekana anakufa, kisu hutafutwa ili nyama isipotee. Lakini mbuzi aliyekuwa akiharisha na kudungwa jana ana dawa na bakteria kwenye nyama hiyo hiyo itakayopikiwa watoto.

Dalili zinazohitaji simu ya siku hiyo hiyo

Mbuzi wengi wakiharisha kwa pamoja, wakiwa na homa, makamasi mazito puani, machozi na vidonda mdomoni, hiyo yaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wengi huiita PPR. Ni ugonjwa wa virusi. Ulithibitishwa Kenya baada ya kuzuka Turkana mwaka 2006, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza kabisa kufikia 2030. Haumwambukizi binadamu, lakini unaweza kumaliza kundi. Antibiotiki hazimuui kirusi huyo, ingawa daktari anaweza kuzitumia dhidi ya bakteria wanaofuata nyuma yake. Chanjo yake hukinga kwa angalau miaka mitatu, kwa hiyo zoezi la chanjo likitangazwa, watoe mbuzi wote, hata walio na afya. Hao hasa.

Usiuchanganye na homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo huleta kikohozi na kuhema na kwa kawaida haileti kuharisha. Ule ni ugonjwa wa bakteria, na aliyeusababisha alitengwa maabara kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1976.

Mimba zikiharibika kwa wingi na watoto wa mbuzi wakifa ghafla baada ya mafuriko, fikiria homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa 2006 na 2007 ilifika Pwani na kuua watu. Usiguse vitoto vilivyotoka kwa mikono mitupu wala usichinje.

Na mbuzi aliyekufa ghafla akitoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja, usimpasue kamwe. Inaweza kuwa kimeta. Mfunike, weka mbwa na watoto mbali, piga simu.

Kabla ugonjwa haujaja

Kinga kubwa kuliko zote haiuzwi dukani. Ni dang'a, maziwa mazito ya kwanza. Mtoto wa mbuzi huzaliwa bila kinga yoyote ya damu, kwa sababu kondo la mbuzi halipitishi kinga ya mama kama la binadamu. Yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea kwa saa chache tu. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Hakikisha amenyonya ndani ya saa mbili za kwanza. Mwenye kilo tatu anywe kiasi cha mililita 150 mara ya kwanza, na jumla ya mililita 300 kabla ya saa 24 kwisha. Mama akifa au akimkataa mtoto, kamua mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo. Mwenye friza anaweza kuhifadhi dang'a ya ziada kwenye chupa ndogo na kuiyeyusha ndani ya maji ya moto kiasi, isichemshwe, itaharibika.

Paka iodini kwenye kitovu mara tu anapozaliwa. Safisha chuchu kabla hajaanza kunyonya.

Banda lililoinuliwa, lenye sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi ya kinyesi kudondoka, hupunguza E. coli na koksidia kwa pamoja. Nguzo za mvinje na paa la makuti zatosha; haihitaji saruji. Chakula na maji viwekwe juu, nje ya banda, mahali ambapo mbuzi anaingiza kichwa lakini hawezi kuingiza miguu. Samadi ipelekwe shambani au ilundikwe mbali na kisima, upande wa chini. Mbuzi mpya kutoka mnadani, awe wa Mariakani au aliyeletwa kutoka Tana River kabla ya Idd, akae peke yake wiki mbili hadi tatu. Na anayewahudumia wagonjwa awahudumie mwisho, kisha anawe kwa sabuni kabla hajaingia jikoni.

Namna ya kuomba msaada

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Mfikie afisa wa mifugo kupitia ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo ya Kilifi Kaskazini. Ukipiga simu, kuwa tayari kumwambia umri wa mbuzi, wangapi wanaugua kati ya wangapi, kinyesi kina rangi gani na kama kina damu, walikula nini kipya wiki hii, na dawa gani imeshatolewa. Sentensi hizo tano humwezesha kuamua kama aje leo au akuelekeze kwa simu.

Ukiombwa sampuli, chukua kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa mnyama ukiwa umevaa glavu au mfuko safi wa plastiki mkononi, kabla hujampa antibiotiki yoyote. Kiasi cha kijiko kimoja kinatosha. Kifunge, andika tarehe na umri wa mbuzi, kiweke kwenye ubaridi bila kugandisha, na kifike siku hiyo hiyo. Afisa ndiye atakayekipeleka katika maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Mariakani, ambako hupimwa ni bakteria gani na dawa gani bado inamuweza. Mzoga nao una manufaa ukiwa mbichi. Kwa joto letu, baada ya saa sita hivi utumbo umeshaoza na hausemi lolote.